Mguu Mfupi wa Kigoda cha Bi Nukta

Siku niliyomwona Bi Nukta kwa mara ya kwanza, alikuwa amemkalisha mtu aliyeingia kuuliza njia ya kwenda posta. Mtu huyo alikuwa na bahasha mkononi na haraka usoni. Kila alipojaribu kuinuka, yule mama alimwonyesha kiganja bila kumtazama, naye akakaa tena. Mimi nilisimama mlangoni na sanduku langu la vifaa, nikasikia mwisho wa hadithi. Fisi alikuwa amejifanya mgonjwa ili Sungura amletee supu, na Sungura, badala ya supu, akamletea mganga mwenye sindano ndefu.

"Basi Fisi akapona hapo hapo," alisema yule mama, "akapita dirishani, na mpaka leo hapendi kuulizwa hali. Nukta."

Akajipiga paja, akasimama. Yule mgeni alicheka mpaka akafuta macho, akaaga, akatoka. Baada ya dakika mbili alirudi, kwa sababu alikuwa bado hajui posta iko wapi.

Hivyo ndivyo alivyofunga kila hadithi, kwa neno hilo na kofi la paja, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Nukta. Jina lake la cheti nilikuja kulijua baadaye sana, na halikumfaa.

Mimi ni seremala. Manispaa ilinituma pale kutengeneza madirisha, ngazi na sakafu. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya ghorofa moja, na mwenyewe alikuwa mwalimu mmoja aliyetumia maisha yake kukusanya hadithi. Alizunguka kila mahali na madaftari yake, akawaleta wasimuliaji nyumbani kwake, wakasimulia naye akaandika. Alipofariki aliiacha nyumba iwe makumbusho. Chini kulikuwa na chumba cha vitendawili, ambacho kuta zake zilijaa visanduku vidogo. Swali lilikuwa juu ya kifuniko na jibu ndani, ila visanduku vingi vilikuwa vimekwama, kwa hiyo watu waliondoka na maswali matupu. Kulikuwa na chumba cha zimwi, na ndani yake zimwi la makaratasi ambalo sikio lake lilishikiliwa na pini ya nywele. Na kulikuwa na chumba cha msimuliaji. Humo mlikuwa na jukwaa la mbao la kimo cha hatua moja, pazia kubwa lililochorwa wanyama, na kigoda cha miguu minne ambacho Mwalimu aliwakalisha wasimuliaji wake wote.

Bi Nukta alizaliwa kwenye chumba cha uani cha nyumba ile ile, kwa sababu mama yake alikuwa akimfulia Mwalimu nguo. Alianza kazi kwa kufagia. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, na miaka yote hiyo akaendelea kufagia. Siku mwongoza wageni wa zamani alipostaafu, manispaa ilituma mtu mpya, naye alikaa siku tatu, kisha akakimbia zimwi. Wageni walikuwa wamekwisha kununua tiketi. Bi Nukta aliweka ufagio pembeni, akapanda kwenye kigoda, na hakushuka tena. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo. Manispaa ilimwacha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Mimi si mtu wa maneno. Nikiwa kazini kwa watu huwa naomba maji kwa kutazama mtungi. Bi Nukta aliligundua hilo siku ya kwanza, akanionea huruma kwa njia yake, maana yake alisema kwa niaba yetu wote wawili.

"Fundi, umeamka salama? Umeamka salama. Na mama watoto? Hajambo. Leo unatengeneza ngazi? Naona unatengeneza ngazi. Haya, kazi njema, tumeongea vizuri."

Nilimpenda kwa hilo. Na kwa kuwa nilimpenda, ndipo nikaharibu.

Kile kigoda kilikuwa na mguu mmoja mfupi, ule wa nyuma upande wa kulia. Kila Bi Nukta alipojisogeza, kiligonga sakafu, tak. Hadithi ikienda kidogo, tak tena. Niliona jinsi alivyoshika kiuno akishuka. Mama wa miaka hamsini na saba, nikasema moyoni, anakalia kitu kinachomrusharusha kama gunia, na seremala nipo. Jumamosi moja, nyumba ikiwa imefungwa nami nimeachiwa ufunguo ili nimalize mbao za jukwaa, nilikigeuza kile kigoda. Nilitafuta kipande cha mti wa aina ile ile, nikalinganisha mistari ya mbao, nikaunga kwa gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi niliyoichafua kidogo kwa vumbi la makaa ili ifanane na ya zamani. Niseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Hata mimi nilipotazama asubuhi iliyofuata, niliutafuta mguu wenyewe kwa kidole.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumatatu alikaa, akajisogeza, kigoda kikatulia. Akasema, "Fundi, sakafu umeinyoosha, ubarikiwe." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Kisha ikaingia kwaya ya akina mama kumi na wawili, iliyokuwa na nusu saa kabla ya mazoezi.

"Mpo?" aliuliza Bi Nukta, kama alivyofungua siku zote.

"Tupo."

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo."

Akaanza ile ya Fisi mgonjwa. Supu ikaombwa, mganga akaja, Fisi akapita dirishani. Nilikuwa juu ya ngazi napigilia msumari, nikasubiri kofi la paja. Halikuja. Fisi alipofika nje alikutana na shangazi yake. Shangazi akamuuliza mbona anakimbia na shuka. Wakaenda kwa shangazi. Huko kulikuwa na posa. Fisi akaonyeshwa mchumba, mchumba akawa na kaka saba, na Bi Nukta akatueleza kaka mmoja mmoja, kazi yake na tabia yake. Kwaya ilitoka saa nane mchana. Kiongozi wao alisema mazoezi yamekwisha kuharibika, bora wajue kama Fisi alikubaliwa. Hakuwa amekubaliwa. Walikuwa bado wanajadili.

Ikawa hivyo kila siku. Fisi alioa, akajenga, akafungua duka la sabuni. Wageni walianza kutoroka kwa kupitia chumba cha zimwi, na mmoja aling'oa sikio la zimwi. Mlinzi wa geti, mtu mwenye mdomo usio na breki, akawa anawaonya wanaoingia: "Umeaga kwenu?"

Bi Nukta mwenyewe aliogopa. Alikwenda zahanati akasema ana ugonjwa wa kutomaliza. Daktari alimuuliza ulianzaje, akamweleza, na foleni nje ikafika barabarani.

"Nikitaka kusema nukta, haipo," aliniambia mchana mmoja, amekaa hapo hapo jukwaani. "Zamani ilikuwa inakuja yenyewe. Nilikuwa naisikia kabisa hapa chini, inanisukuma. Sasa natulia, natulia, naona Fisi bado ana mambo. Fundi, huu si uzee?"

Nikatazama misumari yangu.

Kisha barua ikaja. Wageni walikuwa wamelalamika, na kiongozi wa kwaya aliandika kurasa nne, maana naye alikuwa ameambukizwa. Manispaa ilisema mkaguzi atakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Atasikiliza hadithi moja. Ikizidi nusu saa, Bi Nukta atahamishiwa ghala la manispaa, kule wanakoweka madawati mabovu na matairi, na nafasi yake atapewa binti mwenye stashahada. Mkaguzi angetazama pia vifaa vyote vya nyumba, kimoja kimoja, kwa kadi zake.

"Ghalani," alisema Bi Nukta, akiikunja barua mpaka ikawa ndogo kama kidonge. "Nimezaliwa uani hapa. Huko nitamsimulia nani? Tairi litasema tupo?"

Jumatano mchana nilikuwa chumba cha juu, kilichofungwa miaka mingi kwa sababu ya paa kuvuja. Nilisogeza sanduku ili nifikie dirisha, na kifuniko kikaanguka. Ndani kulikuwa na madaftari ya Mwalimu. Mimi husoma polepole, kwa kidole, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa ubaoni. Nikafungua moja katikati. Aliandika hivi:

"Jana msimuliaji mmoja alianza asubuhi, na adhuhuri mhusika wake alikuwa bado hajatoka nyumbani. Nimechoka mkono. Leo nimekata mguu mmoja wa kigoda, upana wa vidole viwili. Msimuliaji akiwa na hadithi nzuri hatasikia kitu. Ikianza kulegea, makalio yatamwambia. Nimejaribu kwa watatu. Wote wamemaliza."

Niliisoma mara tatu. Nikakaa juu ya sanduku. Mwalimu alikata vidole viwili kwa akili yake, na mimi nikaja na gundi.

Nikashuka kumwambia. Nilijipanga kabisa, sentensi nzima. Alikuwa amekaa jukwaani peke yake, anajipima kwa saa ya ukutani.

"Bi," nikasema, "hicho kigoda..."

"Hicho, fundi, ndicho kitu pekee kinachonifariji," akasema. "Siku hizi hata mgongo hauniumi. Kila mtu akinisema, nakaa hapa, kinanipokea."

Sentensi yangu ikarudi ilikotoka. Nikafungasha vifaa, nikaenda nyumbani.

Mke wangu alinisikiliza huku akipepeta mchele. "Kamwambie."

"Nitaona haya."

"Basi kaone haya. Mtu mzima atapelekwa kukaa na matairi kwa sababu wewe unaona haya?"

"Nitawahi asubuhi. Nitakikata kabla hajafika."

"Na ukikuta amefika?"

Mke wangu anayo tabia ya kuuliza jambo ambalo litatokea.

Nilifika saa mbili u nusu, na msumeno mdogo wa meno laini ndani ya shati. Mlinzi alinitazama kwa huzuni. "Mkaguzi kaja mapema. Kaanza na vitendawili, kakwama, kaamua kwenda moja kwa moja kwa Fisi. Wameshaingia."

Nilizunguka kwa mlango wa uani na kutokea nyuma ya pazia. Nikalala kifudifudi. Kwa chini niliona viatu vya mkaguzi, vyeusi, vilivyobanana, na karatasi zake sakafuni. Saa yake ameiweka gotini. Mbele yangu kabisa, nikinyoosha mkono tu, kulikuwa na kigoda, na gauni la Bi Nukta limekifunika pande zote kama hema. Nikatambaa. Kichwa na mikono vikaingia chini ya hema, miguu ikabaki nyuma ya pazia. Au mimi nilidhani imebaki.

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Fisi bado yuko kitandani.

Niliuona ule mstari wa gundi kwa sababu niliujua mwenyewe. Nikaweka msumeno. Ukaenda mara mbili, ukabanwa. Nikavuta, hautoki. Ukalegea, ukaenda mara tatu, ukabanwa tena. Ilinichukua muda kuelewa. Bi Nukta alikuwa na mtindo wake: Fisi akisema, alilala upande wa kushoto, na Sungura akisema, alilala upande wa kulia. Mguu niliokuwa nikiukata ulikuwa wa kulia. Akiwa Sungura, uzito wote ulikuja juu ya msumeno. Akiwa Fisi, mguu ulining'inia na kukata ilikuwa raha.

Na siku hiyo Sungura aliamka na maneno. Sungura alieleza habari za mganga, na shule aliyosoma mganga, na ndugu wa mganga. Mimi chini nilikuwa naomba kimoyomoyo, Fisi, jibu. Wewe Fisi, sema chochote.

Fisi akasema, "Ehe."

Nikakata mara moja.

Katika kupapatika, msumeno uliniteleza ukamkwaruza kisigino. Bi Nukta alinyamaza. Nilisikia saa ya mkaguzi. Kisha, bila kuinama, aliendelea kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hapo Fisi akasikia kitu kinamtafuna chini. Akajiuliza, ni nini hiki? Akanyoosha shingo. Akajiegemeza. Akaanza kusema."

Na Fisi akasema. Maisha yake yote yule Fisi alikuwa mtu wa neno moja moja, lakini siku hiyo alihutubia. Alilaumu serikali ya msituni. Alikumbuka utoto wake. Alitaja kila supu aliyowahi kunywa na chumvi yake. Bi Nukta amelala kushoto mpaka nikaogopa ataanguka, na mimi nakata, unga wa mbao unaniingia puani. Mkaguzi aliuliza kama hotuba hiyo imo katika maandishi ya Mwalimu. Bi Nukta akamwambia imo, ila kwa ufupi.

Kipande kikadondoka kiganjani mwangu.

Sungura akafungua mdomo kujibu. Bi Nukta akarudi kulia. Tak.

Alitulia kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake la utotoni.

"Basi Sungura akaona hana la kuongeza," alisema polepole. Akajisogeza. Tak. "Fisi akapona, akapita dirishani, na mpaka leo hapendi kuulizwa hali." Akajipiga paja. "Nukta."

"Dakika ishirini na nane," akasema mkaguzi. Kisha akasema, "Na viatu hivyo ni vya nani?"

Kumbe hakuna nilichoficha. Miguu yangu ilikuwa nje ya pazia, viatu viwili wazi mbele ya macho yake tangu mwanzo.

"Huyo ni Mchwa," akasema Bi Nukta. "Yumo kwenye hadithi."

"Mchwa havai viatu."

"Huyu ni fundi," mlinzi akasaidia kutoka mlangoni, bila kuombwa.

Nikatoka. Nywele zimejaa unga, msumeno mkono mmoja, kipande cha mguu mkono mwingine. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye tai fupi. Akatazama msumeno. Akatazama kigoda. Akachukua kalamu.

"Nimeona mtu akikata mali ya manispaa," akasema huku akiandika, "na msimamizi ameikalia wakati inakatwa. Hili ni kosa la msimamizi."

Nikaona kalamu inaelekea kwenye jina la Bi Nukta, na hapo nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema yote kwa pumzi moja: Jumamosi ile, gundi, vumbi la makaa, kwaya, shangazi yake Fisi, daftari la juu, makalio. Nilisema Bi Nukta hakujua, kwamba alienda mpaka zahanati kwa kosa langu, kwamba kama kuna wa kupelekwa ghalani kukaa na matairi ni mimi, na nitakwenda leo. Nilipomaliza, mlinzi alikuwa amevua kofia. Nadhani alidhani nitakufa.

Mkaguzi alipanda juu kulisoma lile daftari mwenyewe. Alirudi, akatoa kadi ya kigoda, akapima mguu. Kadi ilisema umepungua vidole viwili. Ulikuwa umepungua vidole viwili. Akatazama fomu yake muda mrefu.

"Hapa pana visanduku viwili tu," akasema. "Kifaa kimeongezwa, au kifaa kimepunguzwa. Wewe umeongeza, kisha ukapunguza."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kiasi kile kile."

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna kisanduku cha hivyo." Akahangaika, akafuta, mwisho akaandika: hakuna mabadiliko. Akapiga muhuri. Akiwa anafunga mkoba alimuuliza Bi Nukta kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, huyo mchumba wa Fisi, wale kaka saba walikubali?

"Njoo siku ya mapumziko," Bi Nukta akamjibu. "Tutakaa kwenye benchi."

Mkaguzi alipotoka, Bi Nukta alinigeukia. Akavuta gauni, akatazama kisigino.

"Umenikata, fundi."

"Nisamehe, Bi."

"Mguu wa kigoda uliungwa mwezi mzima uliopita na wewe ukanyamaza?"

"Nisamehe."

"Na leo umesema mbele ya mkaguzi maneno mengi kuliko mimi." Akacheka, akanipangusa unga kichwani kwa ncha ya kitambaa chake, kwa nguvu, kama mtu anayepangusa zimwi. "Ile ya vumbi la makaa ungeiweka mwishoni. Hapo ndipo watu wangeshtuka."

Alibaki kwenye kigoda miaka mitatu zaidi, mpaka alipostaafu kwa haki yake. Nami nilikuwa napita pale hata pasipo na kazi, nakaa nyuma karibu na mlango, nasikiliza. Hadithi zilikuwa fupi. Mgongo ulimuuma, na kila akishuka alinitazama vibaya, kisha akacheka.

Siku yake ya mwisho yule binti mwenye stashahada alikuwa amekwisha fika. Alikuwa msichana mpole mwenye miwani na karatasi nyingi, na alipopokea funguo karatasi zikamwanguka. Bi Nukta alimwonyesha kisanduku gani kinafunguka na kipi kinapigwa ngumi kwanza. Hakumwambia la kigoda. Alisema atalisikia mwenyewe.

Nilimbebea mzigo wake hadi barabarani, ambapo binti yake alikuwa anamsubiri na gari la kukodi amchukue kwenda kuishi mji mwingine. Huko ndiko alikofariki mwaka uliofuata, usingizini, na habari zilinifikia kupitia kwa mlinzi. Kwa hiyo tulivyoagana pale barabarani ndivyo tulivyoagana kabisa, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua. Alipanda gari, akafunga mlango, kisha akateremsha kioo.

"Kesho nenda ukamsikilize yule mtoto wa watu," akaniambia. "Usikae nyuma kule kwenye mlango, kaa mbele. Akimaliza, muulize swali. Lolote, fundi, hata la kijinga, wewe uliza."